Kuku Aliyekuja na Mgeni

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Marehemu mama yangu alikuwa akiwaambia watu kwamba huyu binti hata titi alilinusa kwanza ndipo akanyonya. Nikinunua mawese namimina tone kiganjani nikalisugua. Mtu akinisifia najiuliza anataka nini. Kwa miaka mingi niliamini hiyo ndiyo akili yenyewe, kwamba wengine wamepewa bahati, wengine sura, na mimi nikapewa jicho.

Wakati ninaousimulia tulikuwa tunakaa Gungu, hapa Kigoma, nyumba ya vyumba vitatu na kimoja cha uani tulichokuwa tukiwekea mkaa na nyavu zilizochoka. Mume wangu alikuwa mtu wa reli. Siku nyingi alikuwa njiani kwenda au kutoka Tabora, na zile chache alizokuwa nyumbani alikuwa amelala. Mimi nilikuwa nanunua migebuka, samaki wa ziwa letu, ufukweni Kibirizi, naipasua, nailaza kwenye chumvi ya Uvinza ndani ya nusu pipa, halafu naianika na kuipeleka stesheni iende bara.

Kuku walikuwa wangu peke yangu. Nilipoolewa shangazi yangu alinipa tetea mmoja mweusi mwenye madoa, na wote waliofuata walikuwa wanawe, wajukuu na vitukuu: kumi na mmoja pamoja na yeye mwenyewe, na jogoo wao mwekundu ambaye naye alizaliwa palepale uani. Hakuna hata mmoja aliyenunuliwa sokoni. Nilijivunia jambo hilo kuliko nilivyojivunia nyumba. Kuku wa jirani akikanyaga kwetu nilikuwa natoka na ufagio kabla jogoo hajanyoosha shingo, na yule bibi kizee mwenye madoa alikuwa anasimama nyuma yangu kunisindikiza. Tulielewana sana, mimi na yeye.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Kila siku boti zilikuwa zinashusha watu Kibirizi kutoka upande wa Burundi, wengine na magodoro, wengine na sufuria moja, wengine na mikono mitupu. Mjini kila mtu alikuwa na lake la kusema. Wanaleta kipindupindu. Wanaleta bunduki ndani ya mikeka. Wanawake wao wanachukua waume za watu. Waliokuwa wanasema hivyo ndio hao hao waliokuwa wanakwenda ufukweni alfajiri kutafuta watu wa kuwalimia mihogo, maana Baniani mbaya kiatu chake dawa. Nami nilikuwa mmojawapo, sijitoi.

Mgeni wangu, mwanamke wa Kirundi, nilimpata hukohuko, nikinunua samaki. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, mwembamba, kitenge kimoja kiunoni na kingine begani. Alinisaidia kubeba beseni bila kuombwa, nami nikamshuku papo hapo. Njia nzima nilikuwa namwangalia mikono. Tulipofika nyumbani akaanza kupasua samaki, na kwa kweli alipasua vizuri kuliko mimi, kisu kinapita mgongoni mara moja tu. Nikamwambia anaweza kulala chumba cha uani, akitoa nyavu, na chakula atapata.

Siku ya pili akanieleza habari zake. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini pale kilipokwama aliongea Kirundi na mimi nikamwelewa kwa Kiha changu, maana lugha hizo ni ndugu. Alikuwa amemwacha mama yake mzazi ufukweni. Boti ilijaa, mwenye boti akasema wazee watangoja safari ya pili, itarudi jioni. Ya pili hakuiona. Huu ulikuwa mwezi wa tatu.

"Mama yangu anajua Kigoma tu," aliniambia. "Hajui kambi. Hajui Kasulu, hajui Kibondo. Boti ilisema Kigoma, basi atauliza Kigoma. Nikiondoka hapa hataniona tena."

Basi kila alasiri akimaliza kazi alikuwa anateremka Kibirizi kuuliza wenye boti, na kila jioni alikuwa anarudi na vumbi miguuni, anachota maji, ananawa, na habari hana. Hilo tu ndilo alilokuwa analitaka katika dunia hii, kukaa mahali ambapo mama yake akishuka atamkuta. Nililijua tangu siku ya pili. Siwezi kusema sikujua.

Kisheria hakutakiwa kuwa mjini. Wakimbizi walikuwa wanapelekwa kambini, huko bara. Lakini Waha na Warundi wameoana tangu zamani, na mitaani kulikuwa na watu chungu nzima walioandikwa kuwa ni mashemeji au watoto wa shangazi. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mmoja mpole aliyekuwa fundi cherehani, alikuja akamwona anaosha masufuria. Akaniita pembeni.

"Huyu ni mgeni wako, mama?"

"Ananisaidia kazi, mzee."

"Basi nitaandika mgeni wako. Wakija wakubwa wakiuliza, neno lako ndilo litakalomweka au litakalomwondoa. Nakwambia mapema ujue."

Nikasema nimeelewa. Nililipenda neno hilo, nisifiche, kwamba mtu anakaa kwa neno langu.

Kuku alikuja mwezi wa pili wa kukaa kwake. Aliniaga kwamba anakwenda Kidahwe kulima na wenzake, akakaa huko siku tisa, nami nikawa na uhakika harudi. Nikahesabu vijiko. Siku ya kumi akaingia uani na kuku mweupe kwapani, mwenye shingo tupu isiyo na manyoya, wale wanaoitwa kishingo. Nilivyomwona mimi, alikuwa kuku mwenye sura ya kuficha jambo.

"Hii nini?" nikamuuliza.

"Inkoko, mama."

"Naona ni kuku. Umempata wapi?"

"Nimelima Kidahwe. Mwenye shamba hana kitu kingine cha kutoa. Amenipa hii kuku. Nimekuletea iwe yetu."

Yetu! Neno hilo lilinichoma. Nikamuuliza mwenye shamba ni nani, nyumba yake iko upande gani wa barabara, kuku alikuwa na wenzake wangapi, kwa nini wakamtoa huyu na si mwingine. Akajibu yote. Kwa hiyo nikashuku zaidi, maana mtu mkweli husahau kidogo. Wiki iliyofuata mama mmoja wa kuuza maharage alipita kutoka Kidahwe, nikamchokonoa, naye akasema ndiyo, mgeni wako alilima kwa shemeji yangu, wakampa kishingo mweupe, mfanyakazi sana yule dada. Nasema kweli ya Mungu, nilisikitika kwamba hakumwiba.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na sisi wa hapa hatulisemi neno hilo kwa mapambo tu. Nilichana ukingo wa khanga kuukuu, nikamfunga kuku yule mguu, nikamfunga kwenye nguzo ya jiko la nje, mbali na banda. Wiki mbili, nikasema. Kama ana mdondo, ule ugonjwa unaofagia kuku wa mtaa mzima, utajitokeza, na kama ana tabia mbaya nayo itajitokeza. Nikamwekea kopo lake la maji, kopo la maziwa ya unga lililotoboka juu, na nikamwambia mgeni kwamba kopo lile lisikaribie beseni la kuku wangu hata kwa bahati mbaya.

Hapo ndipo nilipoona kwamba sikuwa peke yangu katika nyumba ile. Yule bibi kizee mwenye madoa alikuja siku ya kwanza, akasimama hatua mbili kutoka mwisho wa kamba, akainamisha kichwa upande mmoja, akamtazama mgeni kwa jicho moja, halafu akageuka akamtazama kwa jingine. Akarudi kwa wenzake. Sijui aliwaambia nini. Baada ya hapo walikuwa wanakuja wawili wawili. Wanasimama nje ya mpaka wa kamba, wanaparua chini kana kwamba wanatafuta chakula, lakini hapakuwa na chakula pale. Kuku mweupe akijaribu kuwasogelea kamba inamrudisha, anaanguka, nao wanapiga kelele kama walioonewa. Siku ya tatu bibi kizee aliupima urefu wa kamba vizuri, akaingia ghafla, akamdonoa upanga wa kichwani mpaka damu ikatoka, akatoka bila haraka. Nilicheka. Nikamtupia mahindi.

Mgeni wangu hakucheka. Alichukua majivu jikoni akampaka kuku wake pale palipochubuka, kisha akaniambia kwamba kwao, kuku mpya akiingia, wanachukua majivu ya jiko moja wanawapaka wote, wenyeji na mgeni, siku moja. Wanakuwa na harufu moja. Wanasahau nani alikuja jana.

"Hakuna atakayepaka kuku wangu kitu," nikasema.

"Ni majivu tu, mama. Ya jiko lako."

"Nimesema hakuna."

Jirani yangu wa upande wa kushoto, mwanamke ninayempenda ila mdomo wake hauna mlango, alisikia kupitia ukuta wa matete. Jioni akaniambia majivu si kitu cha kuchezea, kuna watu wanafunga nyumba ya mtu kwa majivu. Wewe unamlaza uani mtu usiyemjua kwao, akasema, haya. Kikulacho ki nguoni mwako.

Neno hilo liliingia likakaa. Kwa siku mbili nilimwangalia yule dada kwa namna ambayo hata sasa nikiikumbuka naona aibu. Akiosha vyombo naangalia. Akisali naangalia. Na kwa kuwa anayetafuta hakosi, siku ya tano nilimkuta ameinama kwenye beseni la maji ya kuku, lile alilokuwa analisugua na kulijaza kila asubuhi tangu alipofika, anatia ndani vipande vya kitu cha kijani.

Nilimshika mkono. "Unafanya nini?"

"Shubiri, mama. Dawa ya kuku. Inazuia mdondo."

Kila mtu Kigoma anajua shubiri mwitu ni dawa ya kuku. Shangazi yangu mwenyewe alikuwa anaitia. Lakini mimi nililimwaga beseni lile kwa teke, maji yakamrukia kitenge, nikamwambia, "Kuanzia leo usiguse maji ya kuku wangu. Umesikia? Mpe wako huyo mwenye shingo la kunyolewa. Wangu niachie mwenyewe."

"Ego, mama," akasema, yaani ndiyo. Kisha, taratibu: "Nani atawapa?"

"Mimi."

Akaenda kumchotea wake.

Nilimaanisha nilichosema. Siku ile niliwajazia beseni, na ya pili pia. Siku ya tatu ndipo migebuka ilipomwagika. Ilikuwa kiangazi, mwezi umeingia giza, wavuvi wametoka na taa zao na kurudi na mitumbwi imezama mpaka ukingoni. Bei ilianguka, watu walikuwa wanachukua samaki kwa kukisia. Nilinunua kuliko nilivyowahi kununua. Pipa moja halikutosha, nikanunua jingine, nikalikata nusu, na bado nikalaza samaki kwenye karai la kufulia, chini kabisa, pale kando ya banda kwenye kivuli. Siku tatu nilishinda nimeinama, kisu mkononi, magamba mpaka kwenye nyusi. Mgeni alipasua nami bega kwa bega.  Kuku wangu walikuwa wanapitapita miguuni, nikawafukuza kwa kiwiko, na beseni lao lilikuwa limelala kifudifudi chini ya mpapai nami nisilione. Nilikuwa na kazi. Hivyo ndivyo ninavyoweza kulieleza: nilikuwa na kazi.

Siku ya nne asubuhi niliwakuta watatu wamelala mbele ya banda. Jogoo alikuwa amesimama lakini miguu inamtetemeka, na majimaji yanamtoka mdomoni. Walikuwa wanahema. Adhuhuri walikuwa wamekufa sita. Yule bibi kizee alijikokota mpaka mlangoni kwangu, akakaa kizingitini, shingo ikalegea polepole mpaka mdomo ukagusa sakafu. Nililia kama mtoto. Sikuwalilia kuku, nilijilia mwenyewe, miaka yangu yote ya ndoa imelazwa uani imenyoosha miguu. Kesho yake jioni hapakuwa na aliyebaki.

Ila mmoja. Mweupe, kwenye nguzo yake, anakunywa maji katika kopo lake, anainua kichwa, anameza, anainama tena.

"Umeona?" jirani akaniambia kutoka ukutani. "Aliyeleta ugonjwa haumuui."

Nilikuwa nimeona. Mwenye macho haambiwi tazama. Nilimwita mgeni nikamwonyesha wafu wangu na mzima wake, nikamuuliza anasemaje.

"Mama, walikuwa na kiu," akasema. "Juzi nimewaona wanahangaika. Nimetaka kuwapa maji, lakini umenikataza."

Alilisema bila ukali wowote, na mimi nililisikia kama tusi. Yaani baada ya kuniulia ananifundisha! Nikamwambia anyamaze. Sikumpa chakula jioni ile. Hakuomba.

Kesho yake, saa nne asubuhi, lori lilisimama barabarani. Amri ilikuwa imetoka kwamba walioko nje ya kambi wakusanywe. Balozi alikuja uani na vijana wawili wasio wa mtaa wetu, mmoja ameshika karatasi. Mgeni alikuwa anaanua samaki. Aliwaona, akasimama hivyo hivyo na mgebuka mkononi, akanitazama mimi, hakuwatazama wao.

Balozi alikuwa ametokea nyumba ya jirani wa kulia, ambako mwanzo palikuwa na kijana wa Kirundi na sasa, kwa neno la mwenye nyumba, palikuwa na mpwa kutoka Kasulu. Nilikuwa nimesikia kila neno. Alikuwa anauliza swali moja tu, na alikuwa analiuliza kwa namna ya kumpa mtu jibu mkononi.

"Mama, huyu dada ni mtu wako? Unamfahamu?"

Niliangalia banda tupu. Ndani yangu kulikuwa na furaha ndogo, chungu, ya mtu ambaye hatimaye amepata haki yake.

"Simfahamu," nikasema. "Alikuja kuomba mahali pa kulala."

Balozi hakuondoka. Akauliza tena, pole pole zaidi: "Una hakika, mama?"

"Nina hakika."

Yule dada aliweka samaki kwenye tandiko, akanawa mikono, akaingia chumbani akatoka na mkeka na kile kitenge cha pili. Alipita karibu yangu. Nilidhani atanitukana, nami nilikuwa nimejiandaa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama, mama yangu akija, mwambie mwanao yuko hai. Mwambie amepelekwa kambini. Ni hilo tu. Kuku abaki, lori halichukui kuku."

Nikauvuta mkono wangu. Waliondoka naye.

Kilichofuata kinaonyesha nilikuwa mtu wa namna gani. Sikuridhika. Nilitaka iandikwe. Niliogopa watu wasije wakasema nimemwonea mkimbizi, basi nikamwita bwana mifugo aje ampime yule kuku mweupe, athibitishe ana mdondo, anipe karatasi. Alikuwa kijana wa Singida aliyehamishiwa kwetu, mnene kidogo, mwenye baiskeli na sanduku la dawa. Alikuja siku ya sita. Alimshika kuku, akamfungua mdomo, akamtazama macho, akamgeuza nyuma.

"Huyu mzima kabisa, mama. Wengine walikufaje?"

Nikamweleza.

"Walipinda shingo? Kinyesi kilikuwa cha kijani?"

Nikafikiri. Hapana. Kilikuwa maji matupu.

"Na majirani zako, kuku wao wamekufa wangapi?"

 Kuku wa jirani wa kushoto walikuwa wanawika na kutetea nyuma ya ukuta wakati ule ule tunaongea. Siku zote zile nilikuwa nawasikia.

"Mdondo hauruki nyumba moja ukaacha mtaa," akasema. Alianza kuzunguka uani mikono nyuma. Alilitazama beseni chini ya mpapai, akaligeuza kwa mguu, ndani yake palikuwa na utando wa buibui. Akaenda kwenye lile karai la kufulia kando ya banda, lililokuwa limebaki na mabaki ya maji ya samaki. Akachuchumaa. Chumvi ilikuwa imeganda ukingoni, na ndani ya chumvi ile, upande wa chini pale kuku anapofika akinyoosha shingo, palikuwa na vinyoya. Vyeusi vyenye madoa. Vyekundu. Akachomoa kimoja akanionyesha.

"Walikuwa wanakunywa hapa. Kuku akikosa maji anakunywa chochote. Maji ya chumvi namna hii ni sumu, yanamkausha, anazidi kunywa. Nani alikuwa anawapa maji?"

Nilimwambia: mimi.

Alinipa pole, akapanda baiskeli yake. Karatasi hakuandika, hapakuwa na cha kuandika.

Sikukaa hata kunawa uso. Nilikwenda moja kwa moja kwa balozi. Nilimkuta kwenye cherehani yake anashona sare za shule, nikasema shikamoo nikiwa bado nimesimama, nikaanza kumwaga yote: karai, chumvi, beseni, shubiri, kwamba kuku wale niliwaua mwenyewe kwa mkono wangu, kwamba yule dada hana kosa lolote na ni lazima arudishwe, aandike barua, aseme kulikuwa na makosa.

Aliacha kukanyaga cherehani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Pole kwa kuku, mama," akasema. "Lakini mimi siku ile sikukuuliza habari za kuku. Nilikuuliza kama unamfahamu."

Nikamuuliza walimpeleka kambi gani. Akasema malori yalikuwa mengi, na kambi ni zaidi ya moja. Akavaa miwani.

Alasiri ile niliteremka Kibirizi bila beseni. Boti mbili zilikuwa zimetia nanga na watu walikuwa bado wanashuka, wamejifunika vitenge, wanatazama ufukwe kwa kutafuta sura. Nilipita katikati yao nikiwaangalia wanawake wazee mmoja mmoja. Wote walikuwa wazee, wote wamechoka, yeyote kati yao angeweza kuwa yeye. Mwenye boti mmoja, mtu wa Ujiji, aliponiona nazunguka akaniita.

"Unatafuta nani, mama?"

"Bibi mmoja wa Burundi. Aliachwa kule miezi mitano sasa. Binti yake alikuwa kwangu."

"Vizuri. Kesho narudi huko, nitaulizia. Bibi anaitwa nani?"

Nikasema sijui.

"Basi binti. Nitatangaza kwa jina la binti, mama mtu atalijua."

Jina lake yule dada alikuwa amelitaja siku ya kwanza, njiani, akiwa na beseni langu kichwani, nami nilikuwa namwangalia mikono. Miezi miwili na zaidi nilimwita wewe, nikamwita mgeni, nikamwita dada nilipotaka kazi ifanyike haraka. Nilisimama pale maji yakinipiga vifundoni, nikatafuta jina kila mahali kichwani mwangu, na watu wakaendelea kushuka. Siku ile nilidhani nimemdanganya balozi.

"Simfahamu," nikamwambia mwenye boti.